Barry Sanders: zimebaki yadi 1,457 afikie rekodi, mtu anatuma faksi na kuondoka. Ilikuwaje?

Kwimba_Boy (Mwanza)

Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni mgeni kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kuongezea. Aliyeniambukiza ni binamu yangu wa Minnesota, kila wiki ananirushia vipande vya video. Juzi kanirushia cha jamaa mmoja mfupi, jezi ya buluu na fedha, namba 20. Barry Sanders, Detroit Lions. Nimekirudia mpaka bando likakata. Jamaa anazungukwa na mabaunsa wanne, unasema huyu kwisha habari yake, halafu unamwona katokea upande wa pili anakimbia peke yake.

Nikaanza kusoma habari zake, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Misimu 10, 1989 hadi 1998, yadi 15,269 za kukimbia. Rekodi wakati ule ilikuwa ya Walter Payton wa Chicago Bears, yadi 16,726. Zilibaki 1,457 aifikie, na msimu wake wa mwisho peke yake alikuwa amekimbia 1,491. Ndiyo kwanza katimiza miaka 31, mkataba upo, magoti yanafanya kazi. Julai 1999, kambi ya mazoezi inakaribia kufunguliwa, anapeleka barua kwa faksi kwenye gazeti la kwao Wichita, Kansas, kwamba basi, ameacha. Mwenyewe huyoo, London.

Huku kwetu mchezaji anang'ang'ania mpaka mashabiki waanze kumzomea. Huyu vipi? Aligombana na mtu? Na ni kweli nilivyosikia kwamba hawa wakimbiaji huwa hawadumu kazini? Naomba wenye kujua, matusi na siasa tuweke pembeni.

Mkeka_wa_Ukili

Nimeshatandika, nasubiri wajuzi. Mimi mpira huo nikiuangalia naona watu wanagombania mkate.

Mzee wa Muheza (Michigan)

Mleta mada, hapo umenigusa. Mimi ni mtu wa Muheza ila nimezeekea Michigan. Nilipofika, katikati ya miaka ya 90, kibarua changu cha kwanza kilikuwa usafi wa Silverdome kule Pontiac, uwanja wa Lions wa wakati ule. Tulikuwa tunaingizwa mechi ikielekea mwisho, tunasubiri kwenye ngazi za juu na mifagio yetu, na hapo ndipo nilipojifunzia mpira huu. Kwa hiyo robo ya nne za Barry nimeziona nyingi. Robo ya kwanza nilikuwa nahadithiwa.

Lilikuwa jumba la ajabu lile. Paa ni kitambaa, halina nguzo hata moja, linainuliwa na hewa inayopulizwa ndani usiku na mchana. Watu walipitia milango ya kuzunguka ili hewa isitoroke. Chini hakuna nyasi, ni zulia la plastiki juu ya kitu kigumu. Nimelikanyaga nikisukuma toroli la takataka, najua ninachosema. Mtu akiangushwa pale, kishindo kilitufikia huko juu tulikokaa.

Sasa kazi yenyewe, maana bila kuielewa kazi huwezi kuielewa faksi. Huyu mnayemwita mkimbiaji, wenyewe wanasema raningi beki, anasimama nyuma ya kwotabeki, yule anayeupokea mpira kwanza na kuuongoza mchezo. Mpira ukitoka anakabidhiwa mkononi. Mbele yake kuna watu wake watano wanene ambao kazi yao ni kusukuma wenzao ili ufunguke upenyo. Upenyo wenyewe una uhai wa sekunde moja, pengine haufiki. Aukute au aukose, karibu kila mara mwisho wake ni mmoja: chini, na mtu wa kilo mia na ushee juu yake. Anainuka, anarudi kwenye mstari, anakabidhiwa tena. Nyinyi mnahesabu yadi. Hebu hesabu mara alizokabidhiwa mpira: 3,062, na mechi za mtoano hazimo humo.

Barry alikuwa na urefu wa mita 1.73. Hata mimi namzidi kidogo. Kilo 92, nyingi ziko mapajani. Ukimwangalia kutoka juu tulipokuwa, kitu cha kwanza unachokiona ni kwamba *anasimama*. Wengine wakipewa mpira wanajitosa. Yeye anapiga hatua mbili fupi, anasimama kabisa, beki aliyekuja kwa kasi anampita na kukumbatia hewa. Mguu mmoja unachimba zulia, kiuno kimeshageuka kushoto, mabega bado yanatazama kulia. Beki wa pili anafuata mabega, kapotea. Na mara nyingine alikuwa anakimbia kurudi nyuma kutafuta njia, anapoteza yadi sita, saba, kocha anashika kichwa. Halafu mchezo unaofuata anapata arobaini.

Ilikuwa lazima akimbie vile. Miaka yake ya mwanzo Detroit walicheza mtindo wa kutawanya wapokeaji wanne wa pasi pembeni, hakuna mtu wa kumtangulia mkimbiaji na kumzibia. Emmitt Smith kule Dallas alikuwa na ukuta mbele yake na mtu wa kumfungulia njia. Barry alikuwa na Barry. Mwaka 1994 alikimbia yadi 1,883, akaongoza ligi nzima. Wakaingia mtoano, wakaenda Green Bay tarehe 31 Desemba. Alikabidhiwa mpira mara 13, jumla ya yadi zake: hasi moja. Si kosa la uchapaji. Mara 13, akarudi nyuma yadi moja. Wakafungwa 16 kwa 12.

Na mwaka 1997, kocha Bobby Ross ndiyo kwanza ameingia. Mechi mbili za mwanzo Barry alipata yadi 53 tu kwa jumla, magazeti ya hapa yakaanza kusema mzee kaisha. Ross akamwekea mtu wa kumtangulia. Mechi 14 zilizobaki, zote 14, alivuka yadi mia. Akamaliza na 2,053, mtu wa tatu katika historia kuvuka elfu mbili kwa msimu, na tuzo ya mchezaji bora wa ligi akagawana na Brett Favre.

Mechi ya mwisho ya msimu ule ilikuwa na New York Jets, tarehe 21 Desemba, kwetu Silverdome. Siku ile tuliingizwa mapema sijui kwa nini. Katika robo ya nne kijana wa Lions, Reggie Brown, alijaribu kumwangusha mtu, akabaki chini, hatikisiki. Madaktari wakampulizia pumzi palepale kwenye zulia. Watu karibu elfu themanini kimya, unasikia mashine za kupulizia paa. Alipona, anatembea, lakini mpira wake uliishia hapo. Barry alizivuka yadi elfu mbili mechi hiyohiyo, na wenzake wakasherehekea nusunusu.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1991 mwenzake Mike Utley alivunjika shingo kwenye zulia hilohilo na hakutembea tena. Mwaka uliofuata mwingine wa safu ileile ya mbele, Eric Andolsek, aligongwa na lori akiwa kwenye uwanja wa nyumba yake, akafa. Hawa ndio waliokuwa wanamfungulia njia.

Kwa hiyo unauliza kwa nini hakubaki kwa ajili ya rekodi. Mimi nakurudisha Desemba 1989, msimu wake wa kwanza. Mechi ya mwisho, wako Atlanta, wanaongoza, Barry katolewa kupumzika. Kocha Wayne Fontes anaambiwa kijana wako ana yadi 1,470, amepungukiwa 10 tu amfikie anayeongoza ligi. Anamfuata kwenye benchi: nikurudishe? Barry akasema hapana, waache wengine wacheze. Taji likaenda kwa mwingine kwa tofauti ya yadi 10, kijana wa miaka 21 hajali.

Aliyekataa yadi 10 akiwa na miaka 21, utamshika kwa 1,457 akiwa na 31? Waandishi walikuwa wameshaandaa kurasa za rekodi. Yeye hakuwahi kuitaja. Kwenye ile barua alisema hamu ya kuondoka imeizidi hamu ya kubaki, na miaka kadhaa baadaye akaeleza zaidi: timu ilikuwa imechoka kutafuta ushindi. Wachezaji wazuri wanaachwa waende, akiwemo rafiki yake Kevin Glover aliyekuwa katikati ya ile safu ya mbele. Mwaka 1998 wakashinda mechi 5, wakafungwa 11. Fikiria unainuka kutoka kwenye lile zulia kwa mara ya elfu tatu, unatazama ubao, umefungwa tena.

Nimeandika sana, samahanini. Zamu ya usiku.

Kwimba_Boy

Shikamoo mzee, leo nimepata mwalimu. Huyo aliyechukua taji la 1989 kwa yadi 10 ni nani?

Mzee wa Muheza

Marahaba. Utafurahi: Mwafrika mwenzio. Christian Okoye, mzaliwa wa Enugu, Nigeria, wa Kansas City Chiefs. Yadi 1,480.

Huyu alikuja Marekani kurusha kisahani, akasoma chuo cha Azusa Pacific kule California. Mwaka 1984 hakuchukuliwa kwenye timu ya Nigeria ya Olimpiki, kwa hasira akaingia mpira huu akiwa na miaka 23, mchezo ambao mwanzoni aliuona unachosha. Kilo karibu 118 na mbio za mrushaji. Walimpa jina la Jinamizi la Nigeria. Yeye hakuwa mtu wa kukwepa, alikuwa anawapitia juu. Ukiuliza kama hawadumu, jibu ni huyo: alianza 1987, baada ya msimu wa 1992 hayupo. Misimu sita, yadi 4,897.

Mkamba_Dallas

Mzee, heshima zako, na hadithi ya mifagio imenibamba. Lakini kwa hiyo faksi hatutaelewana.

Mimi naishi Texas na timu yangu ni Dallas Cowboys, niseme mapema nisije nikaitwa mnafiki. Tuongee ukweli. Mwaka 1997 Barry alisaini mkataba wa miaka 6, na kwa ile sahihi tu akapewa dola milioni 11. Baada ya misimu miwili anaondoka wiki ya kambi, kocha hana mbadala, wenzake wanasikia kwa redio. Kama moyo umeisha, umeisha. Sawa. Ila huo moyo haukuisha Julai, uliisha Desemba. Sema Januari basi, timu iende sokoni. Na zile pesa hakurudisha kwa hiari, mpaka msuluhishi alipoamua arudishe sehemu yake.

Kisha hii ya kusema timu ilikuwa imekufa. Mwaka huohuo wa 1999, bila Barry, Lions walishinda 8 wakafungwa 8 na wakaingia mtoano. Mzee hukulitaja hilo.

Mkilinganisha watu, linganisheni na Emmitt Smith. Kila mtu husema aah, Emmitt alikuwa na ukuta. Mwaka 1993 Emmitt aligoma mechi mbili za kwanza kudai pesa. Ukuta uleule, kwotabeki yuleyule, Cowboys wakafungwa zote mbili. Mwenye timu akalipa haraka, Emmitt akarudi, na kombe likaja. Mechi ya mwisho ya msimu huo wa kawaida, Januari 1994 kule kwa New York Giants, bega la kulia lilichomoka kabla ya mapumziko. Akaendelea. Siku hiyo alikimbia mara 32 kwa yadi 168, akapokea pasi 10, tukashinda kwa muda wa nyongeza 16 kwa 13. Alicheza misimu 15, akaivunja rekodi ya Payton mwaka 2002, akaacha 18,355. Huyo ndiye mkimbiaji. Barry alikuwa msanii.

Mkeka_wa_Ukili

Moto umewaka. Mzee jibu, usikimbilie zamu.

Mzee wa Muheza

Niko mapumziko ya chai, nijibu.

Mkamba, la Januari nakupa. Angesema Januari. Kocha Ross alikuwa muungwana, hakustahili kufanyiwa vile, na Barry mwenyewe ni mtu wa haya sana, nadhani aliogopa kubembelezwa. Pesa nayo sibishani, mkataba ni mkataba. Hapa Detroit kuna watu hawakumsamehe kwa miaka. Niliokuwa nafanya nao kazi walichana jezi, mmoja aliifanya dekio kabisa.

Ila hilo la mtoano wa 1999 lisikudanganye. Walifungwa mechi ileile ya kwanza na Washington. Mwaka 2001 wakashinda 2, wakafungwa 14. Mwaka 2008 walifungwa zote 16, kabla ya hapo haikuwahi kutokea timu kufungwa 16 kwa msimu. Mtoano hawakuuona tena mpaka msimu wa 2011. Na mwaka 2016 Calvin Johnson, mpokeaji wa pasi, nyota wao mkubwa wa miaka ya baada ya Barry, naye akaacha akiwa na miaka 30. Mmoja akiondoka mapema utasema ana tabia zake. Wa pili akiondoka vilevile, ndani ya nyumba ileile, mimi nitaanza kukagua nyumba.

Na Emmitt sikumdharau hata kidogo. Ila kwa kuwa umeleta Dallas, tukumbushane: tarehe 5 Januari 1992, Silverdome, Lions 38, Cowboys 6. Hiyo ni kabla sijafika, nimeiona kwenye kanda ya mwenzangu hadi ikaota ukungu. Ulikuwa ushindi pekee wa mtoano kwa Lions tangu 1957 hadi Januari 2024. Miaka sitini na ushee, ushindi mmoja, na aliuleta nani?

Mkamba_Dallas

Haha! Ndiyo, na mwaka uliofuata kombe likaja Dallas. Nyinyi wiki moja tu baadaye Washington waliwapa 41 kwa 10. Na msimu huohuo wa 1991 Emmitt aliongoza ligi kwa yadi 1,563, Barry 1,548. Tofauti 15. Hizo nazo alizikataa kwa haya?

Mzee wa Muheza

Zile alikosa mechi moja, mbavu zilimuuma. Ungekuwa fundi wa hesabu ungeiweka hiyo.

Dada_Goti (Arusha)

Habari zenu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kazi yangu kubwa ni magoti ya wapagazi wa mlimani na wanariadha, na mpira huu nimeufuata tangu niliposoma nje. Mleta mada aliuliza kama hawadumu, nyie mmegeuka Simba na Yanga.

Hawadumu. Chama cha wachezaji wao huwa kinataja wastani wa chini ya miaka 3 kwa nafasi hii. Ukiangalia alichokieleza mzee, mguu kuchimba zulia huku kiuno kimegeuka, hapo mzigo wote unabebwa na ligamenti, ile kano inayounganisha mifupa katikati ya goti. Kwenye nyasi za kweli kiatu huteleza kidogo na goti linapata nafuu. Kwenye zulia kiatu kinang'ata. Barry kucheza namna ile misimu 10 na kuumia goti kwa uzito mara moja tu, mwaka 1993, akakosa mechi 5, mimi kitaalamu nashangaa kuliko nyie mnavyoshangaa faksi.

Mtazameni Terrell Davis wa Denver. Mwaka 1998, msimu uleule wa mwisho wa Barry, alikimbia yadi 2,008, mchezaji bora wa ligi, kombe la pili mfululizo. Mwaka uliofuata, mechi ya nne, mpira umenaswa na wapinzani, anakwenda kumzuia aliyeunasa, goti likaenda. Hakurudi alivyokuwa, 2001 ndiyo ukawa msimu wake wa mwisho wa kucheza. Hakuwa akikimbia hata na mpira! Todd Gurley wa Rams alipewa mkataba mnono mwaka 2018, Machi 2020 wakamwacha, goti. Earl Campbell wa Houston, aliyekuwa anapita katikati ya watu kama buldoza, uzeeni kutembea kwenyewe ni shida.

Na upande wa pesa umekaa vibaya kwao. Kijana akitoka chuo anafungwa mkataba wa miaka 4, aliyechaguliwa raundi ya kwanza timu zinapogawana vijana wa vyuo anaweza kuongezewa wa 5, halafu kuna kanuni ya kumzuia kwa mwaka mmoja mmoja kwa bei iliyopangwa. Mwaka 2023 bei hiyo kwa wakimbiaji ilikuwa dola milioni 10.091, chini kabisa ukiwaweka pembeni wapiga mateke. Akija kuwa huru ana miaka 26 au 27, ameshabebeshwa mpira mara elfu moja, na timu zinamwambia wewe umechakaa. Miaka ambayo alikuwa mpya wamemlipa kichuo. Nyie mnaongelea uaminifu wa Barry kwa timu, mimi huwa nauliza kinyume chake.

Saquon Barkley ndiye aliyepenya. Giants walimchukua akiwa wa 2 kwenye mgao huo mwaka 2018, 2020 ligamenti ikakatika, 2023 wakamzuia kwa bei hiyo, 2024 wakamwachia akaenda Philadelphia. Msimu huohuo wa kwanza, yadi 2,005 na kombe juu, na fainali iliangukia siku yake ya kuzaliwa, akitimiza 28.

Kwimba_Boy

Dada asante, sasa nimeelewa kwa nini binamu alisema mkimbiaji wa miaka 30 ni mzee. Huyo Barkley alivunja rekodi ya msimu?

Dada_Goti

Hakuvunja. Rekodi ni ya Eric Dickerson, 2,105, ya mwaka 1984. Barkley alibakisha 101 aivunje, na mechi moja mkononi, kocha akamweka benchi apumzike kwa ajili ya mtoano. Watu walipiga kelele wiki nzima. Wakashinda kombe, kelele zikaisha.

Mzee wa Muheza

Hilo lilinifurahisha sana. Tofauti ni kwamba Barkley aliamuliwa na kocha, Barry aliamua mwenyewe. Dada ahsante kwa somo la zulia, miaka yote nilijua lile kapeti si la heri.

Niongeze jambo moja dhidi ya wanaosema alikuwa na dharau. Baba yake, marehemu William, alikuwa fundi wa kuezeka mapaa kule Wichita, watoto 11, na Barry na nduguze walipanda mapaa naye. Yule mzee alikuwa anasema hadharani, mbele ya kamera, kwamba mkimbiaji bora wa wakati wote ni Jim Brown, si mwanawe. Sasa Jim Brown naye aliacha ghafla, mwaka 1966, ana miaka 30, anashikilia rekodi, yuko Uingereza anapiga filamu, mwenye timu kamtishia faini kwa kuchelewa kambi. Misimu 9, akafunga ukurasa. Mtoto aliyelelewa akisikia kwamba huyo ndiye kipimo, unategemea ataona aibu kuondoka?

Na chuoni Oklahoma State alikaa miaka miwili nyuma ya Thurman Thomas, hakununa. Zamu yake ilipofika, 1988, alikimbia yadi 2,628 kwa mechi 11, mpaka leo hakuna wa vyuo vya daraja la juu aliyezifikia kwa msimu. Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, ilipotangazwa yupo Tokyo, timu imekwenda kucheza huko, waandishi wanamtafuta, yeye anataka akapashe misuli.

Kwimba_Boy

La mwisho halafu nawaacha: walipatana na timu?

Mzee wa Muheza

Walipatana, taratibu. Mwaka 2004 aliingia kwenye jumba la heshima la Canton, Ohio, na Lions wakaistaafisha namba 20, pamoja na Lem Barney na Billy Sims walioivaa kabla yake. Septemba 2023 wakamsimamishia sanamu nje ya Ford Field, uwanja wao wa sasa. Walewale waliochana jezi walikuwa kwenye foleni ya kupiga picha, na yule wa dekio nilimwona kwa macho yangu. Silverdome waliuvunja 2017, na hata kuvunjika ulikataa: walilipua mara ya kwanza ukabaki umesimama, ikabidi warudi kesho yake.

Wewe mwambie binamu akutafutie ile ya Januari 1992, robo ya nne, yadi 47. Anaingia katikati, Cowboys wanamfunika, unaona rundo tu. Mtangazaji anashusha sauti, anajua imeisha. Halafu angalia upande wa kushoto wa rundo.

Mkamba_Dallas

Mzee kila njia yako inapitia Dallas! Haya kijana, ukimaliza kuangalia hiyo, mwambie binamu akupe na ya Emmitt, Januari 1994, bega likining'inia. Halafu rudi hapa useme nani alikuwa mkimbiaji. Mzee, wikiendi hii nitakuwa zamu, tuendelee Jumatatu.